Kofi la Jumapili na Karatasi ya Lavington

Kangemi, Jumanne jioni

Edith,

Sikuombi radhi kwa lile kofi la Jumapili. Nalisema hapa mwanzo ili usije ukasoma barua yote ukilingojea neno hilo. Nimekupiga mara nyingi tangu nikuzae, mara chache kwa haki na mara nyingi kwa hasira nilizozitoa kazini, lakini la Jumapili ndilo kofi pekee ninaloweza kulieleza. Siku mbili sasa umeninunia. Chai unanipa, macho unaninyima. Sawa, nuna. Ila kesho asubuhi unapanda basi kwenda Nakuru kuanza kazi ya ukarani kortini, na wiki ijayo utakuwa umesimama kati ya hakimu na mtu aliyeshikwa, ukiyageuza maneno yake kuwa Kiingereza. Siwezi kukuacha uende na alama ya mkono wangu bila kukwambia mkono huo ulitoka wapi.

Mambo ya blanketi, jiko na mafuta ya taa, shangazi yako Berita amekwambia mpaka mate yamemkauka. Mimi siyarudii.

Kwanza nikukumbushe ulichofanya, maana najua moyoni umeshajitetea na umeshashinda kesi. Chumba kilikuwa kimejaa, watu wa kanisa na majirani wa ploti. Tumekula kuku, tumeomba. Mjomba wako Hezron akasimama na koti lake la kahawia, lile lenye vumbi la mawe lisilotoka hata ukilipiga kwa ufagio. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Kinoo. Akasema ana neno la kukuaga, na kwa heshima yako atalisema kwa Kiingereza. Akaanza: "Today we are very happy because our daughter, she go..." Nawe ukaruka: "Is going, Uncle! Is going!" Ukacheka. Wasichana wenzako wakacheka. Akaanza tena, "She is go," nawe ukagonga meza kama mwalimu mwenye kiboko: "Going!" Akaangalia viatu vyake. Akasema, "Basi, amen," akaketi. Neno alilolibeba njia nzima kutoka Kinoo akalimeza mbele yetu. Hapo ndipo nilipokufikia.

Ukashika shavu ukaniambia, "Lakini Mum, si ni wewe ulinifundisha!"

Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu ni kweli. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Watu wakadhani nimekasirika kwa ajili ya mgeni. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu nilijiona mimi, nimesimama pale na gauni lako.

Unayakumbuka makopo yangu matatu. Hujawahi kujua yalitoka wapi. Nilipokuwa nafanya kazi ya jikoni na ya kulea mtoto kule Lavington kwa Wazungu, memsahib aliniruhusu kwenda ngumbaru Jumatano na Ijumaa, saa nane mpaka saa kumi, kanisani hapa Kangemi. Tulikuwa watu wazima kumi na wanane, wapishi, mayaya, matopasi na fundi viatu mmoja, tumebanwa kwenye madawati ya watoto wa Sunday School. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba Mkamba mwenye sauti kubwa. Hakuwa na vitabu vya kututosha, kwa hiyo alikata vipande vya kadi akavitia kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Kopo la kwanza lilikuwa na vitendo vilivyokwisha kupita: ran, broke, cried, fell. La pili lilikuwa na maneno ya sifa: tired, angry, small, clean. La tatu lilikuwa na viungo, vile vineno vidogo vya kushikanisha: and, but, because. Unachovya mkono katika kila kopo, unatoa kadi zako, unasimama na kutunga sentensi. Ukikosa, unarudi nyuma ya foleni.

Wewe hujui utamu wake, mwanangu, wewe Kiingereza umekinyonya shuleni. Mimi nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, baba yako amekufa mwaka uliotangulia, wewe nimekuacha kwetu Maragoli kwa bibi yako. Mchana kutwa naitwa kwa kengele. Halafu siku moja nikachovya, nikatoa "cried", nikatoa "tired", nikatoa "because", nikasimama nikasema, "The woman cried because she was tired." Darasa likapiga makofi. Mwalimu akasema, "Perfect." Nilirudi Lavington nikitembea kama nimevaa viatu vipya. Nilijiona nimekuwa mtu mwenye sababu.

Basi nilipokuleta Nairobi ukiwa na miaka minane, nikakutengenezea makopo yako. Huli mpaka utoe sentensi tatu. Ugali unapoa, wewe umesimama na kadi mkononi, machozi yanakutoka, mimi nasema "Tena." Neno la Kimaragoli likikutoka mdomoni, nakupiga mwiko wa ugali. La Kiswahili, mwiko nusu. Na matunda yake tuliyaona wote bibi yako alipokuja kutibiwa. Yule aliyekulisha miaka minane alikaa kitandani akakuuliza kwa lugha yetu kama umeshiba, na wewe ukanitazama mimi kwanza, kuona kama unaruhusiwa kujibu. Kisha ukasema, "Yes, Grandma." Alikufa mwezi uliofuata. Sikukosea kukufundisha Kiingereza. Nilikosea kukufundisha kwamba asiyekijua hajafika kuwa mtu, na hilo nililifundisha vizuri sana, kama Jumapili ilivyoonyesha.

Sasa nifike kwenye karatasi.

Umeisikia hadithi ile tangu utotoni. Nimeisimulia kanisani, nimeisimulia kwenye harusi, na wewe uliiandikia insha ukapata alama ya juu. Kwamba mama yako alikuwa mpishi, siku moja akaandika karatasi moja ya Kiingereza safi, mwajiri wake Mzungu akastaajabu, akamwombea kazi ofisini, Government Road, naye kutoka hapo akatupa aproni. Ni kweli. Kila neno ni kweli. Hukuwahi kuniuliza karatasi ile ilihusu nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ilihusu Hezron.

Wewe unamjua Hezron wa kwari, mvunja mawe wa Kinoo mwenye vidole vilivyopinda. Mimi namjua Hezron wa maua. Alikuwa shambaboi pale pale nilipokuwa mpishi, tukitoka kijiji kimoja, tukikaa vyumba viwili vilivyopakana nyuma ya nyumba kubwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Angechomeka kijiti kikavu ardhini kikachipuka. Memsahib alikuwa akileta wageni wake kuona waridi na kusema "my roses", na Hezron amesimama nyuma yao ameshika mpira wa maji, anacheka kidogo.

Ilikuwa Alhamisi, mwaka wa pili baada ya Uhuru. Bwana alikuwa ofisini mjini. Memsahib alikuwa amechukuliwa na rafiki yake kwenda kunywa chai, kwa hiyo gari lake dogo lilibaki limeegeshwa juu, kwenye njia ya changarawe inayoteremka mpaka getini. Mtoto wao, Susan, alikuwa na miaka mitano, na kumwangalia ilikuwa kazi yangu. Sikiliza hilo. Kazi yangu, si ya shambaboi.

Sikuwa nikimwangalia. Nilikuwa nimeketi kwenye meza ya jikoni na kadi zangu, kwa sababu kesho yake ilikuwa Ijumaa na mwalimu alituahidi mtihani. Susan, kama alivyoniambia mwenyewe baadaye, akaingia kwenye gari kucheza udereva. Akaichezea breki ya mkono mpaka ikaachia. Gari halikutoka mara moja. Akachoka, akashuka, akaenda mbele ya gari kuokota mpira wake. Hapo ndipo likaanza kuteremka, polepole, bila sauti, kama ng'ombe anayekuja kunusa.

Niliinua kichwa nikaona yote kwa dirisha. Niliona gari, niliona mgongo wa mtoto aliyeinama, na nikamwona Hezron akitupa jembe akikimbia. Alikuwa akipiga kelele, "Toka! Toka hapo!" Hakufika kwa upole. Alimnyaka mtoto mkono mmoja akamtupa kwenye majani, na gari likapita pale pale alipokuwa ameinama, likaenda likazama kwenye ua wa michongoma. Mkono wa Susan ukavunjika. Lakini Susan alikuwa hai, analia, na mtu aliyekufa halii.

Na sasa nakwambia tulichofanya, jambo ambalo asiyewahi kuwa mtumishi wa nyumba hawezi kulielewa. Kabla ya kufikiri lolote, tulilirudisha gari. Nilimfunga mtoto mkono kwa kitambaa nikamlaza, nikatoka mbio, na mimi na Hezron tukalisukuma lile gari mpaka juu, tukaivuta breki ya mkono mpaka ikashika. Hezron akachukua reki akafuta alama kwenye changarawe. Akayarudisha matawi ya ua. Ni mazoea. Kitu cha mwenye nyumba kikihama mahali pake, unakirudisha kabla hakijaonekana, ndipo upumue. Tulifanya usafi, Edith. Tukaufagia ushahidi wote kwa mikono yetu.

Daktari akaitwa kwa simu, na Bwana akafika pamoja naye. Akamkuta mtoto amevunjika mkono, na alama za vidole vya Hezron ziko pale pale kwenye nyama. Susan alikuwa anaogopa kuchapwa kwa kuingia garini. Akasema, "Hezron pulled me." Basi. Hezron akaanza kueleza, mikono hewani, Kiswahili chake cha Maragoli kikimtoka kwa kasi, gari hivi, breki hivi, mtoto hapa. Bwana akageuka akalitazama gari. Gari lilikuwa limetulia juu pale, safi, na changarawe imechanwa vizuri kama nywele za mtoto wa shule.

"Wewe nasema wongo," Bwana akamwambia. Kisha akaniita mimi. "Wewe nakaa jikoni, wewe naona. Sema. Sema Kiswahili tu."

Sema Kiswahili tu. Nilifunguliwa mlango, Edith, nikaambiwa nipite. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni lakini kingetosha. Maneno manne yangetosha. Nikasimama wima nikamjibu, "I will write it, sir."

Unajua uso wa mtu anapoona mbwa wake ameketi kwenye kiti? Ndivyo alivyonitazama. Akanipa karatasi na kalamu yake mwenyewe. Nikarudi kwenye ile meza ya jikoni, kadi zangu zikiwa bado zimetandazwa, nikaandika nusu saa. Naikumbuka mpaka leo, sijasahau hata nukta:

"Yesterday was a good day but today was bad. The small girl played in the clean garden. Hezron was angry and he ran and he shouted. He pulled the girl and she fell. Her arm was broken because he was strong. The girl cried and I was very sad."

Mtoto mdogo alicheza katika bustani safi. Hezron alikuwa na hasira, akakimbia, akapiga kelele, akamvuta, akaanguka. Mkono ukavunjika kwa sababu Hezron ana nguvu. Mimi nikahuzunika sana. Nilitumia makopo yote matatu. Mwalimu angelia kwa furaha.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba Kiingereza changu kilikuwa kidogo. Kwamba niliandika nilichoweza kuandika. Nimejiambia hivyo nikipiga pasi, nikijaza mafaili ofisini, nikiimba kwaya. Ni kisingizio kizuri, kina hata machozi ndani yake. Na ni uongo mtupu! Neno "car" nilikuwa nalijua. "Moved" lilikuwa kwenye kopo la kwanza, kadi yake ilikuwa na doa la chai. Niliikalisha kalamu juu ya karatasi nikafikiri. Nikiliandika gari, ataniuliza nani aliliondoa kwenye ua, nami nimelisukuma. Nikiliandika gari, ataniuliza yaya alikuwa wapi. Yaya alikuwa anasoma. Angenifukuza mimi, na ngumbaru ingekwisha, na wewe ungebaki Maragoli. Hayo yote yalipita kichwani mwangu kwa muda wa kuchovya wino. Ndipo nikaendelea na "He pulled the girl."

Bwana alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena. Nilimtazama usoni nikaona ameacha kumwazia mtoto wake. Alikuwa ananiwazia mimi. "Who taught you this?" akauliza. Memsahib aliporudi akiwa analia, kitu cha kwanza alichosomewa baada ya kuambiwa kwamba mtoto yuko salama kilikuwa karatasi yangu, kwa sauti, hapo varandani, na Hezron amesimama chini kwenye ngazi hafahamu hata neno moja, akinitazama kwa matumaini. Nafasi ya kusema ilikuwepo bado. Ningeweza kufungua mdomo. Bwana akasema, "Remarkable." Nikafunga mdomo nikaliweka hilo neno moyoni mwangu kama peremende.

Na huyo Bwana naye sijamsamehe. Alikuwa mtu wa kazi ya sheria, Edith, kazi yake ilikuwa kuuliza watu maswali mjini kutwa nzima. Angeniuliza moja tu, "Kwa nini alikasirika?" Sentensi yangu ilikuwa na shimo la kupitisha gari zima. Hakuuliza kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri. Karatasi safi ilimpumzisha.

Hezron akaambiwa, "Wewe nakwenda leo." Kabla ya jua kuzama alikuwa getini na kisanduku chake. Nikamtolea mkate. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hiyo karatasi uliandika nini?"

Nikamwambia, "Nilikutetea."

Akanishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Mzungu akishakuwa na roho ngumu, hata karatasi haimwezi."

Hakuandikiwa barua ya kazi, na bila barua hakuna bustani Lavington nzima iliyomfungulia geti. Ndivyo alivyofika kwari ya Kinoo. Mimi, baada ya miezi mitatu, memsahib alinipeleka mwenyewe kwa rafiki zake wenye ofisi Government Road, akiwa na ile karatasi kwenye mkoba.

Sasa hesabu mwenyewe, wewe uliyesoma. Ovakado za kila msimu, nani alikuletea? Ulipougua surua, nani alilala mlangoni petu ili nipate kwenda kazini? Hajaacha hata Jumapili moja kumwambia mtu mpya kanisani, "Huyu dada alisimama na mimi mbele ya Mzungu." Asante ya punda ni mateke, wasema, lakini kwetu yule punda ndiye aliyekuwa akitoa asante na mimi niliyekuwa nikipiga mateke. Na kile Kiingereza ulichokicheka, unajua alikianza lini? Aliingia ngumbaru kule Kinoo mwaka uliofuata kufukuzwa kwake. Aliniambia mwenyewe, akicheka: "Sitaki tena karatasi isomwe mbele yangu nikiwa kama mti." Miaka yote hiyo anajifunza, kwa mikono ya kuvunja mawe, na Jumapili alikuwa ameamua kwa mara ya kwanza kukitumia mbele za watu.

Unaelewa sasa kwa nini nilikupiga? Nilipaswa kujipiga mimi, lakini shavu lako ndilo lililokuwa karibu.

Sitakufundisha kazi ya korti, siijui. Najua kitu kimoja tu. Atasimama mbele yako mama mmoja wa Molo au wa Njoro, ataulizwa swali moja naye ataanza kwa mvua ya juzi, aingie kwa mbuzi wa jirani, atukane kidogo, arudi nyuma. Wenzako watakunong'oneza, fupisha. Hakimu atatazama saa. Na wewe una sentensi nzuri tayari mdomoni, fupi, imenyooka, kila neno ni la kweli, na ukiitoa utasifiwa. Hiyo ndiyo naiogopa. Sikuogopei kusema uongo. Kwenye karatasi ile mimi sikuandika uongo. Nakuogopea kusifiwa. Kama mtu amesema mbuzi, mpe hakimu mbuzi. Kama Kiingereza chako kitatoka kimepinda kwa sababu maneno ya mama yule yamepinda, kiache kipinde, uonekane mjinga kortini. Mimi nilikataa kuonekana mjinga siku moja tu, na mtu amevunja mawe miaka kumi na miwili.

Leo niliomba ruhusa kazini nikaenda Kinoo.

Nilimkuta kwarini, ameketi juu ya gunia, nyundo mkononi. Akafurahi kuniona, akataka kunipangusia jiwe nikae. Sikukaa. Nikamwambia yote kwa lugha yetu, kadi, gari, kalamu, yote, kama nilivyokwambia wewe. Alisikiliza bila kuinua nyundo wala kuiweka chini. Nilipomaliza alinijibu kwa Kiswahili, kama mtu anayeongea na mgeni.

"Soma hiyo karatasi. Vile uliandika."

"Kwa Kiingereza?"

"Siku hizi nasikia."

Nikaisema. Midomo yake ilikuwa ikinifuata, neno kwa neno. Nilipofika mwisho akasema, "Ni kweli nilikuwa angry. Ni kweli nilimvuta."

"Ndiyo."

"Na gari iko wapi?"

Akaniuliza tena, sasa sauti imepanda mpaka wenzake wakaacha kugonga. "Nakuuliza wewe, mama Edith! Hiyo gari yote, mimi na wewe tulisukuma mpaka mgongo ikaniuma. Iko wapi?" Hakuwahi kunipigia kelele tangu tujuane. Nilisimama pale nikazipokea zote. Nilikuwa nikidai kelele hizo kwa muda mrefu.

Alipotulia aligeuza uso. Akasema nisikwambie wewe, kwamba mtoto asiondoke nyumbani amebeba aibu ya mama yake. Hilo nimelikataa, ndiyo maana unasoma. Kisha akaomba kitu kimoja, wala hakukiomba, alisema tu: "Kesho mtoto nitampeleka mimi. Wewe utabaki."

Utakuwa unajiuliza kwa nini nimekaa kuandika badala ya kukusubiri tuongee njiani. Ndiyo hiyo. Miaka ishirini nimengoja kukusindikiza nikiwa nimevaa gauni langu la kijani, nikikushika mkono mpaka kituo cha Kantri Basi, watu wote waone binti wa Truphena anakwenda kazi ya serikali. Berita amenipigia pasi. Sitalivaa. Saa kumi na mbili atagonga mlango, atachukua sanduku lako, na mtatembea naye. Mimi nitabaki ndani. Usinirudie kunikumbatia, nitashindwa kukuachia, na nimemwahidi.

Njiani atataka kukuambia lile neno lake la Jumapili. Najua bado analo. Na akikuuliza kama mama yako amekwambia lolote, usinifiche.

Mimi niliyekuzaa,
Truphena